Maji ya Moto na Mwenye Maji

Mali ya taifa haihesabiwi kwa vitu vilivyomo ardhini peke yake, bali pia kwa jinsi wenyewe wanavyovitazama vitu hivyo. Jambo ambalo kwa mmoja ni kero, kwa mwingine ni riziki. Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, hasa wale wa Sumbawanga na nchi yote ya Ufipa, juu ya maji ya moto: yale ambayo hakuna mtu aliyeyawashia kuni, yatokayo ardhini yakiwa yamekwisha kupata joto lake. Huenda msomaji akaona kuwa hili ni jambo dogo mno kwa watu wenye mahindi ya kuuza na mbolea ya kununua. Tunamwomba avumilie kidogo, kwani ndani ya maji hayo mna swali ambalo mwisho wake ni ardhi, na kwa mkulima ardhi haijapata kuwa jambo dogo.

Huko kaskazini ya mbali, katika kisiwa cha Aislandi, uko mji mdogo wa wavuvi uitwao Húsavík, wenye wakazi elfu mbili na ziada. Umekaa kando ya ghuba, karibu na nchi zile ambako jua la Desemba huchungulia kidogo tu na kujificha tena. Juu ya jabali linalotazama bahari yalifunguliwa mwaka 2018 mabwawa ya kuogea yaitwayo GeoSea. Maji yake ni maji ya bahari yaliyopashwa moto na ardhi yenyewe, nayo joto lake ni nyuzi 38 au 39, mfano wa joto la mtu anayeanza homa. Mgeni hujilaza humo hali theluji yamwangukia kichwani, akatazama milima iliyo ng'ambo ya ghuba, na akiwa na bahati humwona nyangumi akipuliza pumzi yake juu ya maji. Maji huingia upande mmoja na kumwagikia baharini upande wa pili pasipo kukoma, hata hapana haja ya kuyatia dawa ya kuyasafisha.

Uzuri huo wausifu wengi, nasi hatuna ugomvi na sifa zake. Walakini linalotupasa kulitazama zaidi ni asili ya mabwawa hayo. Katikati ya karne ya 20 watu wa mji huo walichimba visima wakitafuta maji ya moto ya kupashia nyumba zao joto. Maji waliyapata, lakini yalikuwa na chumvi na madini mengi mno, yasifae kupitishwa katika mabomba ya nyumbani. Wangeweza kuvifukia visima na kulia hasara. Hawakufanya hivyo. Walilichukua pipa kuukuu la kutengenezea jibini, wakaliweka pale pale juu ya jabali, na watu wenye maradhi ya ngozi wakawa wanakwenda kujilowesha humo wakitafuta nafuu. Pipa hilo la jibini ndilo babu wa mabwawa yanayosifiwa leo. Yaani kwa miaka mingi kabla mgeni wa kwanza hajakata tiketi, mwenyeji alikuwa amekwisha kuoga.

Sisi na ufa wetu

Msomaji atauliza: je, yatuhusu nini mambo ya Aislandi? Yatuhusu, kwa sababu moto unaopasha maji yao na moto unaopasha yetu ni wa ukoo mmoja. Kisiwa chao kimekaa juu ya ufa mkubwa, mahali ambapo gamba la dunia lapasuka na kuachana, upande mmoja ukielekea Ulaya na upande mwingine Amerika. Nasi pia tumekaa juu ya ufa. Uwanda wa Ufipa, ambao mjini Sumbawanga umeinuka kadiri ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, umesimama kama daraja kati ya mashimo mawili. Magharibi ni Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, la pili kwa kina katika maziwa yote duniani. Mashariki ni Bonde la Rukwa, ambako ardhi imeanguka ghafula kiasi cha mita 1,000, na kila aliyesimama juu ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa na kutazama chini kuelekea Muze ajua kwamba maneno ni machache kuliko yale ambayo macho huona.

Ufa huo haujalala. Mwezi wa Desemba mwaka 1910 nchi hii ilitikiswa na tetemeko lililo miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kuandikwa katika Afrika kwa karne nzima iliyofuata. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kuwa katika Bonde la Rukwa iko gesi ya heliamu kwa wingi, gesi itumikayo kupoza mashine kubwa za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili. Na gesi hiyo walianza kuitambua wapi? Katika mapovu ya chemchemi za maji ya moto! Wananchi walikuwa wameyaona mapovu hayo tangu enzi za mababu. Walioyapima ndio waliotangaziwa utajiri.

Chemchemi zenyewe si hadithi. Katika nchi ya Wapimbwe, ambayo ilikuwa mkoa mmoja nasi mpaka Katavi ilipotengwa mwaka 2012, kiko kijiji ambacho jina lake ni Maji Moto, na jina hilo halikubuniwa na karani wa ofisi. Upande wa kusini, karibu na Mbeya, ziko chemchemi za Songwe ambazo maji yake yaweza kuunguza ngozi. Kule Karagwe ziko chemchemi za Mtagata, ambako Stanley alipopita mwaka 1876 aliwakuta wagonjwa wamekusanyika wakioga kwa ajili ya kupona. Hata chini ya Ziwa Tanganyika, katika miaka ya 1980, wataalamu waligundua mahali ambapo maji ya moto hutoka sakafuni mwa ziwa, upande wa Kongo, penye rasi ya Banza na mahali paitwapo Pemba, ambapo si Pemba ya karafuu. Basi asituambie mtu kwamba jambo hili ni la Wazungu wa barafuni peke yao.

Wako watakaosema, "Lakini sisi hatuna bahari." Ni kweli, nasi hatuombi tuwe nayo. Tena si kila ufa hutoa kitu kile kile, wala hatumwambii mtu aende na koleo kuchimba uani kwake. Walakini tuna baridi. Aliyelala Sumbawanga usiku wa mwezi wa Juni au Julai, upepo wa uwandani ukipenya chini ya mlango, ajua kuwa maji ya moto si anasa ya watalii. Kwa mwalimu, kwa muuguzi, kwa mama aliyeshinda shambani akipukuchua maharage, na kwa mzee ambaye magoti yake yamekuwa yakimtabiria mvua, kuoga maji ya moto pasipo kuchoma gunia la mkaa ni faida ambayo haihitaji kufafanuliwa na mtaalamu yeyote.

Walianza na mtoto

Hapa ndipo twataka msomaji atusikilize kwa makini. Mwaka 1940 Aislandi iliweka sheria kwamba kila mtoto wa shule afundishwe kuogelea. Taifa lile lilikuwa la wavuvi, na wavuvi walikuwa wakizama wakati nchi kavu waiona kwa macho. Kutokana na nia hiyo, katika kila mji mabwawa ya watu wote yalijengwa, yakatiwa maji ya moto ya ardhini. Mtoto hujifunza humo, mzee hujinyosha humo, na jirani huzungumza humo na jirani. Tena hakuna aruhusiwaye kuingia kabla ya kuoga mwili mzima kwa sabuni, awe tajiri au maskini. Ndipo mwaka 2018, miaka 78 baada ya sheria ile, mji mdogo wa Húsavík ukamfungulia mgeni mabwawa ya jabalini.

Tuutazame mfuatano huo: mtoto kwanza, jirani wa pili, mgeni wa tatu. Hofu yetu ni kwamba sisi hupenda kuanza na wa tatu. Yakisemwa maneno "kivutio cha utalii", mara moja twawaza geti, bango, hoteli ya vioo na bei iliyoandikwa kwa dola, na mtoto wa kijiji twamwona katika picha moja tu: amesimama nje ya ua akiuza ndizi.

Na mtoto huyo anayo haja kubwa kuliko ya mgeni. Kuanzia Kirando na Kipili hata Kala na Kasanga, mwambao wote wa Ufipa huishi kwa ziwa. Wavuvi hutoka usiku na taa zao kuwafuata dagaa na migebuka, na upepo wa ziwa hauwaulizi kama wamejiandaa. Ni familia ngapi za mwambao ambazo hazina jina la mtu aliyemezwa na maji? Basi ni aibu kwamba taifa lenye maziwa makubwa kama haya laweza kumaliza kumsomesha mtoto pasipo kumfundisha kuogelea, tena mtoto wa mvuvi, ambaye kesho atapanda mtumbwi ule ule wa baba yake. Ziwani penyewe si mahali pa kumtupa anayejifunza, kwani kuna mamba na kuna kichocho. Bwawa safi, la kina kinachojulikana, ndilo darasa. Hata kama maji yake ni ya baridi, na liwepo.

Mali hii ni ya nani?

Tuje sasa katika swali la ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema wazi kuwa halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi pasipo idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Yasema pia kwamba ardhi ya kijiji yaweza kuhamishwa ikawa ardhi ya kawaida, ile ambayo mwekezaji aweza kupewa. Mwananchi afahamu maana ya uhamisho huo. Ardhi ikiisha kuhamishwa, imetoka mkononi mwa kijiji. Kijiji chaweza kupewa ahadi ya kisima, ya zahanati, ya ajira kwa vijana. Lakini ahadi haina mpaka wala jiwe la alama, ilhali ardhi iliyoondoka ina vyote viwili.

Hatusemi kwamba mwekezaji ni adui. La hasha! Bila fedha bwawa halijengwi, na fedha hazioti juu ya miombo. Tunalosema ni kuwa chemchemi si kiwanja kama kiwanja kingine. Maji ya nchi hii, kwa sheria ya mwaka 2009, ni mali ya umma. Kama ni mali ya umma, basi umma uyaone, uyaguse, uyaoge. Kibali cha kuyatumia kisigeuzwe kuwa ua wa kuwafungia nje wale ambao bibi zao walikuwa wakiyatekea.

Sisi tuliosoma shule za misheni twaikumbuka ile habari ya birika la Bethesda, ambako mgonjwa mmoja alilala kando ya maji muda wa miaka mingi, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumtia ndani, na kila alipojikokota mwingine alitangulia. Tuifikirie habari hiyo kama jambo la serikali ya mtaa. Maji yalikuwapo, nafuu ilitumainiwa, ila utaratibu haukumjali aliye dhaifu. Chemchemi yenye tiketi asiyoiweza mwenyeji ni birika la namna hiyo hiyo, tofauti ni kwamba linalindwa na askari.

Ukweli ndio unaovuta

Jambo jingine la hatari ni uongo wa tiba. Mwaka 2011 taifa zima liliona jinsi maelfu ya watu walivyomiminika Loliondo kufuata kikombe cha dawa, wakilala barabarani, wengine wakiacha dawa za hospitali, na wengine wakifa njiani. Maji ya moto huvuta maneno kama asali ivutavyo nzi. Leo yataponya ngozi, kesho yataponya kisukari, kesho kutwa yataleta mume. Kuoga katika maji ya moto hulegeza misuli na kumpumzisha aliyechoka, na hilo peke yake latosha kulipia nauli. Zaidi ya hapo, na aseme daktari.

Tena maji haya yana madhara yake. Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba. Lakini huchoma mguu wa mtoto, na ngozi ya mtu huungua upesi maji yakizidi nyuzi 50. Vile vile, maji ya moto ya Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi nyingi, ambayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia, na kwa anayeyanywa miaka mingi hudhuru hata mifupa. Kwa hiyo maji yanayofaa kuogwa hayafai kunywewa kwa sababu hiyo tu. Na kuna uaminifu wa jina. Kule Kilimanjaro yako maji mazuri sana ya Chemka, ambayo watalii huyaita chemchemi ya moto. Mgeni akifika hukuta maji ya buluu, matamu kwa kuogelea, lakini moto hakuna! Wageni hucheka na kuoga, kwa kuwa mahali penyewe pazuri. Walakini si kila mgeni hucheka anapokuta kitu tofauti na alichoahidiwa.

Tunao ushahidi wa nyumbani kwamba uzuri peke yake haujengi mji. Maporomoko ya Kalambo, mpakani petu na Zambia, huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, nayo ni miongoni mwa maporomoko marefu ya Afrika. Karibu na hapo, upande wa Zambia, zilipatikana mbao mbili zilizochongwa na kuunganishwa na mikono ya watu wa kale karibu miaka 476,000 iliyopita, habari iliyotangazwa ulimwenguni mwaka 2023 na kuwashangaza wataalamu. Ni watoto wangapi wa shule za Sumbawanga waliopelekwa Kalambo? Zamani tulikuwa na udhuru wa barabara. Sasa ile njia ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zipatazo 224, ambayo ilikuwa ikimshusha msafiri akiwa mwekundu wa vumbi toka kichwa hata viatu, ina lami. Udhuru umekwisha, uliobaki ni uvivu wa kuutazama mlango wetu wenyewe.

Yatupasa nini?

Kwanza, tupime. Mwaka 1967 bwana T. C. James, mtaalamu wa miamba, alichapisha habari za chemchemi za maji ya moto za Tanzania. Kazi ya namna hiyo na ifanywe upya kwa ajili ya kijiji, si kwa ajili ya kabati la wataalamu: joto kiasi gani, madini gani, maji mangapi kwa saa, na matokeo yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani mwa ofisi ya kijiji. Ajuaye kiasi cha mali yake hadanganyiki bei.

Pili, mkutano mkuu wa kijiji uamue kabla ya mgeni yeyote kuonyeshwa ramani. Afadhali ardhi ikodishwe kwa muda kuliko kuhamishwa milele, na katika kila mapatano liandikwe bwawa la wananchi lenye bei ya mwananchi, au lisilo na bei.

Tatu, tuanze na pipa. Kijiji hakina haja ya kungoja hoteli. Sakafu ya mawe, ukuta wa kustiri wanawake upande wao na wanaume upande wao, mfereji wa kuyachanganya maji ya moto na ya baridi, choo kilicho mbali na chemchemi, na sheria ya sabuni kabla ya kuingia: hayo yawezekana kwa nguvu za watu na mifuko michache ya saruji.

Nne, halmashauri za Nkasi, Kalambo na Sumbawanga zilitazame somo la kuogelea kama zinavyolitazama somo la kusoma na kuandika, hasa kwa shule za mwambao. Ikiwa kisiwa cha barafu kiliona mwaka 1940 kwamba mwana wa mvuvi asipojua kuogelea hajasoma, sisi tusingoje tuambiwe mara ya pili.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame. Ikiwa chemchemi za bonde letu zitafunguliwa kwa utaratibu huo, atakuja mgeni, na atakaribishwa kwa moyo mweupe, kwa sababu aliyemkaribisha atakuwa ameshiba, ameoga, na bado ana shamba lake. Na kama mgeni huyo hatakuja, basi watoto wa Ufipa watakuwa wamejua kuogelea, na wazee wamepata mahali pa kunyosha magoti yao wakati wa baridi. Hasara hiyo twaweza kuistahimili.